UZI MAALUMU: Safari ndefu kwa RV-9A na ndege nyingine za viti viwili za kujijengea

#1 Bawa_Bati (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Maswali ya RV-9A yametawanyika kwenye nyuzi tano sita, naona tuyaweke mahali pamoja. Swali lenyewe ni hili: ndege ya viti viwili uliyoijenga mwenyewe gereji, injini Lycoming O-320 ya farasi 160, inaweza kukutoa Texas hadi California na kukurudisha, ukiwa na mwenzako na mabegi? Inaweza, tena vizuri kuliko ndege nyingi za kiwandani za miaka ya 1970. Shida ni kwamba wengi hupanga safari kwa namba za brosha.

Humu tutatumia maili za baharini, na noti ni maili hizo kwa saa.

Naanza na mafuta. Tanki mbili, moja kila bawa, kila tanki galoni 18. Jumla galoni 36, yaani lita 136. Ukiwa futi 8,000, nguvu asilimia 65, mchanganyiko wa hewa na mafuta umepunguzwa mafuta sawasawa, injini inakula lita 30 kwa saa na ndege inakwenda noti 155 hivi. Ukigawa harakaharaka unapata saa nne na nusu, maili 700. Hiyo 700 ifute kichwani.

Hesabu ya kweli iko hivi. Kuwasha, kutambaa hadi njia ya kurukia, kukagua injini na kupanda kunakula lita 6 juu ya hesabu ya kawaida. Akiba: sheria ya Marekani kwa anayeruka kwa kuona ni dakika 30 mchana na 45 usiku. Akiba ya dakika 30 ni ndogo mno. Tangi la lita 68 lenye lita 7 au 8 chini, ndege ikiyumba kwenye upepo, linaweza kuvuta hewa. Weka saa nzima, lita 30. Umebaki na lita 100, yaani saa 3 na dakika 20. Bila upepo ni maili 515. Ukikutana na upepo wa mbele wa noti 30, jambo la kawaida ukielekea magharibi, unabaki na maili 415. Kwa hiyo panga vipande vya maili 250 hadi 350, na kila kipande kiwe na kiwanja cha kujisitiri kabla ya kile unachokwenda.

Vipimo vya mafuta navyo visikudanganye. Bawa limeinuka kuelekea ncha, kwa hiyo kipimo cha boya kinagota juu na kusoma "limejaa" hata baada ya kutoa galoni kadhaa. Tengeneza kijiti cha kupimia: ndege ikiwa imesimama sawa, mimina galoni moja moja na kuchora alama. Kisha funga kihesabio cha mtiririko na ukirekebishe kwa kulinganisha na risiti za pampu mara nne au tano, hadi tofauti iwe chini ya lita 1 kwa kila 50.

Swichi ya mafuta ni kushoto au kulia tu, hakuna "zote mbili". Hamisha kila dakika 30. Kabla ya kuhamisha, washa pampu ya umeme na uangalie kama kuna kiwanja karibu. Ukishahamisha, tazama shinikizo (kwa kabureta liwe kati ya 0.5 na 8 psi, yaani ratili kwa inchi ya mraba), subiri dakika nzima, ndipo uzime pampu.

#2 Mzani_Sawa

Mkuu #1 umeanza vizuri. Mimi naingia kwenye uzito, maana hapo ndipo naona watu wanajidanganya zaidi.

Uzito wa juu wa RV-9A ni ratili 1,750, sawa na kilo 794. Nyingi zikikamilika zinakuwa na uzito mtupu wa ratili 1,075 hivi, kilo 488. Rangi nene, viti vya ngozi, skrini tatu: kila kitu kinakula hapo. Zimebaki kilo 306. Tanki zikijaa ni kilo 98 (petroli ya ndege ni kilo 0.72 kwa lita). Zimebaki 208.

Rubani wa kilo 85 na mwenzake wa 75 ni 160. Zinabaki 48, lakini sehemu ya mizigo mwisho wake ni ratili 75, kilo 34. Hapo uko salama. Sasa weka watu wawili wa kilo 100 na 95, ambao si wa ajabu. Ukijaza tanki zinabaki kilo 13 za mizigo. Ukitaka kubeba 27, acha lita 20 za mafuta chini, na hizo lita 20 ni dakika 40, maili 100. Uamuzi huo ufanyike nyumbani mezani, usifanyike kwenye pampu jua likiwa kali na mwenzako ameshafunga mkanda.

Halafu kitovu cha uzito. Kwenye ndege hizi tanki ziko ukingo wa mbele wa bawa, viti viko nyuma ya tanki, mizigo nyuma ya viti. Mafuta yakiisha, kitovu kinarudi nyuma. Kwa hiyo piga hesabu mara mbili: unapoondoka, na unapotua tanki zikiwa karibu kuisha. Ukipita ukomo wa nyuma utaijua ndege kwa mkono: usukani wa fimbo unakuwa mwepesi mno, pua inanyanyuka kwa kidole, na wakati wa kutua unaivuta kupita kiasi bila kutaka. Wenye propela nyepesi ya mbao wawe waangalifu zaidi, maana pua yao haina uzito wa kusawazisha. Propela ya chuma inayobadili pembe inakupa nafasi zaidi nyuma, ila inakula kwenye zile kilo 306.

Mabegi yawe laini, yasiwe na magurudumu. Vizito (vifaa, oili, maji) vikae sakafuni kabisa, vigusane na migongo ya viti, vifungwe kwa wavu. Kopo la oili likiwa huru nyuma, kwenye misukosuko linakuja kukupiga kisogoni.

#3 Nyika_Tucson

Niongeze njia yenyewe, kwa mfano Austin hadi San Diego, kama maili 1,000. Mgawo mzuri: Austin hadi Fort Stockton, Fort Stockton hadi Deming, Deming hadi Casa Grande, Casa Grande hadi San Diego. Vipande vinne, kila kimoja kati ya maili 200 na 270. Mtu atasema vitatu vinatosha. Kwa karatasi vinatosha. Lakini magharibi ya mto Pecos viwanja vinakuwa vya kuhesabu, na pampu moja mbovu inakulazimisha uende kingine.

Milima: Guadalupe Peak ina futi 8,751, na upepo wa magharibi ukipita pale unamwagika upande wa pili kama maji ya maporomoko. Kanuni ninayoishika: upepo wa usawa wa kilele ukifika noti 25 au zaidi, usivuke upande ule wa chini ya upepo bila futi 2,000 au zaidi juu ya kilele. Ukifika 35, subiri kesho au uzunguke kusini. RV-9A ina bawa refu kuliko ndugu zake RV-6 na RV-7, na ni nyepesi, kwa hiyo misukosuko inaitupa kweli. Punguza mwendo kabla ya kuingia, usingoje uingie.

Karibu na Marfa, Deming na Fort Huachuca kuna maputo ya rada yaliyofungwa kwa kebo. Puto unaweza kuliona, kebo huioni kamwe. Yana maeneo yake yaliyopigwa marufuku kwenye ramani. Yape nafasi kubwa. Kaskazini ya El Paso kuna White Sands, eneo la jeshi la kujaribia makombora, kusini ya Gila Bend kuna eneo la kijeshi la kulenga shabaha. Omba waongoza ndege wakufuatilie kwenye rada njia nzima, ni bure.

Mvua za radi za kiangazi huko New Mexico na Arizona huja kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba, na huota mchana. Ondoka kunapopambazuka, uwe umeshatua saa sita mchana. Picha ya mvua inayokuja kwenye skrini kupitia ADS-B (mfumo wa kutuma taarifa kwa redio hadi ndegeni) inaweza kuwa ya dakika 15 hadi 20 zilizopita, hata kama maandishi yanasema dakika 3. Hizo 3 ni za kuunganisha picha, si za mvua yenyewe. Itumie kuamua uzunguke wingu kwa maili 20, usiitumie kutafuta uwazi kati ya mawingu mawili.

#4 Mwewe_NBO

Wakuu asanteni, nasoma nikiwa Nairobi. Huku wengi tunaangalia Sling 2 ya Afrika Kusini kuliko RV. Haya mahesabu yanahamia vipi? Mfano kiwanja chetu cha Wilson hadi Mombasa, au kuteremka hadi Zanzibar.

#5 Bawa_Bati

Mkuu karibu. Sling 2 ni mnyama wa aina nyingine. Injini ni Rotax 912 ULS ya farasi 100, tanki lita 150, inakula lita 18 hadi 20 kwa saa kwa noti 110 hivi. Inaweza kukaa angani zaidi ya saa saba. Mwaka 2009 Mike Blyth na James Pitman walizunguka dunia na Sling, ingawa yao ilikuwa na tanki kubwa za ziada. Kwa hiyo kwako mafuta hayakubani. Kinachobana ni uzito: lita 150 ni kilo 108. Wilson hadi Mombasa ni maili 230 tu, usijaze. Beba lita 80: saa mbili na robo za njia ni lita 45, akiba ya saa nzima 20, kupanda 5, na 10 za ziada. Umeokoa kilo 50 kwenye uwanja unaozihitaji.

Kwa nini unazihitaji? Wilson iko zaidi ya futi 5,500. Siku ya nyuzi 26 injini inaona hewa ya zaidi ya futi 8,000. Injini isiyo na turbo hapo imepoteza karibu robo ya nguvu zake, na bawa nalo linahitaji mwendo zaidi kabla ya kunyanyuka. Kurudi ndiko rahisi kwa kuondoka, maana Mombasa ni usawa wa bahari, ila utapanda muda mrefu kwenye joto. Tazama joto la oili.

Upepo: wakati wa kusi unakuja kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo ukiteremka pwani unakuwa wa omo, kama wasemavyo mabaharia, na unarudi nao wa tezi. Kaskazi mambo yanabadilika. Panga mafuta ya kwenda na ya kurudi tofauti.

Zanzibar ni maili 325 hivi na ni nchi nyingine. Cheti cha ndege ya kujijengea hakifikii kiwango cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), kwa hiyo ruhusa ya kuingia anga ya Tanzania haiji yenyewe. Iombwe mapema kwa maandishi, na utue kwanza kwenye kiwanja chenye uhamiaji na forodha. Hata Marekani na Kanada, ambazo zina fomu ya kukubaliana kuhusu ndege hizi, fomu hiyo lazima uwe nayo ndani ya ndege.

Kuhusu petroli: mafuta ya jeti yako kila mahali, ya injini za pistoni yako viwanja vichache. Piga simu siku moja kabla. Rotax 912 ULS inakubali petroli ya gari isiyo chini ya RON 95 (kipimo cha oktani), na hapo una nafuu kubwa kuliko mwenye Lycoming. Ila petroli ya gari kwenye joto na mwinuko hutoa mvuke kwenye mabomba: shinikizo linayumba, injini inakohoa. Ukitumia zaidi petroli ya ndege yenye risasi, badili oili kila saa 50 badala ya 100.

#6 Spana_716

Mimi ni wa vifaa. Kapu la safari ndefu kwa O-320 lisizidi kilo 5:

Tyubu moja ya tairi saizi 5.00-5 na kifaa cha kutoa vali. Plagi mbili, na soketi yake ya inchi 7/8 (plagi ikianguka sakafuni ni ya kutupa, hata ikionekana nzima). Waya wa usalama wa inchi 0.032 na koleo lake. Pini za kufungia nati za magurudumu. Oili chupa mbili. Tepu, vifungo vya plastiki, tochi ya kichwani, bisibisi, spana chache, na pampu ndogo ya mkono. Tyubu ndiyo itakayokuokoa kuliko vyote: matairi ya RV yako ndani ya vifuniko vya magurudumu, huoni kama yamepungua upepo hadi tyubu inapojikunja na kukatika kwenye vali. Pima upepo kabla ya kuondoka nyumbani na tena kila siku ya tatu.

Mkanda wa alteneta hauvaliki bila kushusha propela. Kwa hiyo baadhi ya wajenzi huweka mkanda wa pili tayari nyuma ya propela, umefungwa vizuri mbali na kinachozunguka. Binafsi naukubali kwa masharti: uufunge pointi tano au sita, ukague kila unapofungua kava ya injini, na uubadili kila miaka mitatu hata kama haujatumika, kwa kuwa joto linaukausha.

Oili: karta (sufuria ya oili chini ya injini) inabeba kwati 8, kila moja karibu lita 1, lakini ukijaza 8 mbili za kwanza zinatapikwa nje kwa bomba la pumzi na tumbo la ndege linachafuka. Iache 6 hadi 6 na nusu. Andika ulichoongeza kila kituo. Ikianza kula ghafla mara mbili ya kawaida, safari imekwisha hapo hadi ujue sababu.

Joto la vichwa vya silinda: Lycoming wanaruhusu hadi nyuzi 500 za Farenhaiti, wewe usivuke 400. Ukipanda, shusha pua uende noti 110 hadi 120; utachelewa dakika mbili na silinda zitadumu.

#7 Volti14

Spana umegusa alteneta, nimalizie. Skrini za kisasa zote ni umeme. Betri ya PC680 ina saa-ampea 16 ikiwa mpya. Mzigo wa ndege usiku na kila kitu kimewashwa unafika ampea 25, na kipasha joto cha mrija wa kupima mwendo peke yake ni 10. Alteneta ikifa, taa ya volti ndogo inawaka kwenye 13 au chini. Zima kipasha joto, taa za kutua na za kumweka, redio ya pili, chaja za simu. Ubaki na skrini moja, redio moja na transponda (kifaa kinachokutambulisha kwenye rada): ampea 8 hivi. Kwenye karatasi ni saa mbili. Kwa betri ya miaka mitatu hesabu saa moja na utue ndani ya dakika 40.

Kama kiwasho chako cha kielektroniki, kinachotoa cheche za plagi, kinategemea betri, hesabu hiyo si ya skrini tena, ni ya injini. Uwe na betri ya pili yenye swichi yake, au aina yenye jenereta yake ndani, au magneto (inayotoa cheche bila betri) upande mmoja. Pima uwezo wa betri kila mwaka kwa kuiondolea mzigo halisi. Kuipima volti ikiwa imepumzika hakukuonyeshi chochote.

#8 Pepo_Mwanana

Kuhusu mwili wa binadamu, ambao nao una tanki zake. Saa tatu ndiyo mwisho wa kukaa. Beba mifuko ya mkojo yenye unga wa kugandisha, na mjaribu kuitumia nchi kavu kwanza. Kunyima mwili maji ili usikojoe kunaleta kichwa kuuma na maamuzi mabaya. Maji nusu lita kwa saa mbili kwa kila mtu.

Oksijeni: Marekani rubani anatakiwa kuitumia akikaa zaidi ya dakika 30 juu ya futi 12,500, na muda wote juu ya 14,000. Lakini ukiruka futi 9,500 au 11,500 siku nzima, jioni utahesabu vibaya bila kujua. Kipima oksijeni ya damu cha kidoleni kiwe ndani ya ndege. Kikisoma chini ya asilimia 90, vaa mrija au shuka. Oksijeni ya anayeishi pwani hushuka haraka kuliko ya anayeishi Denver, mji wa mwinuko.

Kigundua gesi ya kaboni monoksidi kiwe cha umeme chenye mlio. Kile cha kadi inayobadilika rangi huwezi kukitazama kila dakika. Ufa mdogo kwenye bomba la moshi chini ya kisanduku cha joto unatosha kuiingiza ndani.

#9 Mwewe_NBO

Shukrani sana wakuu. La mwisho: kwenye kujaza mwenyewe na kulaza ndege nje, kuna la kuangalia?

#10 Spana_716

Yapo. Waya wa kuondoa umeme tuli usiubane kwenye rangi, haipitishi kitu. Bana bomba la moshi au pete ya kufungia chini ya bawa, kabla ya kufungua kifuniko. Ukimaliza, pitisha kidole kwenye mpira wa kifuniko: ukiwa umepasuka, mvua ya usiku inaingia tankini. Asubuhi toa kikombe cha mafuta chini ya kila tanki kabla ya kuitikisa ndege, maji yakiwa bado yametulia chini.

Pete za kufungia za RV ni za kuzungusha kwa mkono, nyuzi za skrubu za inchi 3/8. Ziweke kwenye mfuko mmoja na vigingi vyako vitatu na kamba mita 4 kila moja. Fungia fimbo kwa mkanda wa kiti, weka kabari magurudumu yote. Kwa wenye gurudumu la pua, kama RV-9A: kiwanja cha majani kitembee kwa miguu kwanza. Ukitambaa kwenye nyasi shika fimbo nyuma kabisa na usifunge breki kwa nguvu, kwa sababu mguu wa pua ukizama kwenye shimo unajikunja chini ya ndege na kuipindua. Na ukiwa umepewa sehemu ya kulaza yenye nyasi laini baada ya mvua, omba lami hata kama ni ya kulipia.